Supu Ambayo Sikuinywa Montreal

Shangazi,

Shikamoo. Ulikuwa na desturi ya kutoitika mpaka nikutazame usoni. Nilipofika kwako Akalla, huku Uswidi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilikuwa naamkia viatu vyako. Wewe ulisimama kimya mlangoni na mwiko mkononi, ukingoja kichwa changu kiinuke, ndipo useme marahaba. Leo naamkia karatasi, na kichwa kimeinama vilevile kama siku ile ya kwanza.

Naandika nikiwa chumba cha kufulia, chini ya jengo letu. Zamu yetu bado ni Jumapili asubuhi, sijabadilisha kitu. Nguo zangu zinatosha mashine moja. Ile ya pili naiacha mlango wazi, kana kwamba utashuka na mashuka yako.

Neno lenyewe ni hili: sikula, Shangazi. Wiki zile tatu nilizokuwa Kanada, vyakula vyote nilivyokusimulia kwenye simu, hata kimoja sikukila. Basi, nimeliandika. Nilidhani nikiliandika litapungua uzito. Halijapungua.

Acha nieleze kwa mpangilio. Mimi ni karani, njia nyingine siijui.

Ofisi iliponiteua kwenda Toronto, Winnipeg na Montreal kukagua majalada ya zamani ya wateja, nilikuja hospitali ya Flemingsberg kukwambia kwamba nitakataa. Ulikuwa na mwezi wa pili wodini. Koo lilikuwa limefungwa na ule ugonjwa, chakula kilikuwa kinapita kwenye mpira kuingia tumboni, maji ya rangi ya uji usio na ladha. Wewe, uliyewapikia madereva wa malori kwenye kantini ya Jordbro kwa miaka kumi na tisa. Sikutaka kukuacha, ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kusafiri peke yangu, na wewe uliujua ukweli huo kabla sijaketi.

Ulisema kwa ile sauti yako iliyobaki, ya kukwaruza: "Nenda. Na ukale. Kila mchana ukishakula, nipigie uniambie. Mimi nitakula kwa masikio."

Ukanipa na masharti. Nisiingie penye vitambaa vyeupe mezani, huko watu hulipia vitambaa. Nitafute mkahawa wa kawaida wenye mvuke kwenye dirisha. Na nisiwatazame wanaoingia, maana mwenye njaa huingia popote. "Watazame wanaotoka."

Siku ya kwanza Toronto nilipata mkahawa wa namna hiyohiyo, mdogo, uliobanwa kati ya fundi cherehani na duka la simu. Dirisha lilikuwa na mvuke. Mafundi wa ujenzi walikuwa wanatoka wakijifuta midomo, mmoja analegeza mkanda. Nilishika kitasa, nikafungua. Ndani watu walikuwa kwenye foleni, kila mmoja anataja chakula chake haraka, na mwanamke nyuma ya kaunta anawajibu haraka zaidi. Nikawaza, nitasema nini? Nikiuliza habari ya nyama, wote watageuka. Nikikosea jina la chakula, nani atanisubiri? Mtu nyuma yangu akaomba njia, nikampisha. Akaja mwingine, naye nikampisha. Niliwashikia mlango watu watano kama bawabu. Wa tano akanishukuru. Kisha nikaondoka.

Nilinunua mkate, jibini na ndizi. Nilikula nimekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, ili anayesafisha chumba asikute makombo kwenye zulia.

Nilipopiga simu nilikuwa nimeamua kusema kweli. Huku kwenu ilikuwa jioni, na Dada Furaha, mpishi mwenzako, alikuwa amekwisha funga kantini akaja kukaa nawe kama alivyofanya kila siku. Nilikusikia ukimwambia akuinulie kitanda. Nikasikia ile mota ikinguruma kidogo kidogo, mgongo wako ukipanda, kama mtu anayesogeza kiti mezani. Kisha, bila salamu, ukasema: "Haya. Umekula nini?"

Sikuweza, Shangazi. Nikasema kuku.

Uliuliza kama mpishi, si kama mgonjwa. Ngozi waliiacha? Kitunguu kilikatwa vipi? Waliweka nini mwisho? Nikafumba macho na majibu yakaja yenyewe, moja baada ya jingine, bila kukwama. Nilijishangaa. Mtu asiyeweza kuagiza kikombe cha chai mbele ya watu, uongo ulikuwa unamtoka kama dua aliyoihifadhi. Hata siku moja sikujiuliza majibu yale yalikuwa yanatoka wapi.

Winnipeg nilikwambia nimekula samaki wa ziwani, amebanikwa, amepakwa tui zito.

"Tui? Winnipeg?"

"La kopo," nikasema.

"La kopo," ukarudia taratibu. Kisha ukaniuliza kama nimevaa soksi mbili.

Huko nako nilikuwa nakula mkate bafuni. Nilizunguka mitaa, ndiyo. Mikahawa mizuri niliiona kwa nje mingi mpaka nikawa najua ipi inajaa saa ngapi. Siku moja nilifika hadi kwenye kiti. Mhudumu alipokuja nikamwambia namsubiri mwenzangu. Nikamsubiri mtu asiyekuwepo robo saa, nikaomba radhi, nikatoka.

Montreal sikutoka hata kutafuta. Nilisoma kwenye kompyuta vyakula ambavyo watu wa kule wanavisifu, nikaona supu ya njegere za manjano, moyo ukatulia. Supu hiyo naijua. Waswidi huinywa kila Alhamisi, na kantini yako ilikuwa na sufuria mbili. Kubwa ilikuwa ya nguruwe, kwa sababu mwenye kantini alitaka hivyo na madereva walitaka hivyo. Uliipika kwa glavu na Dada Furaha ndiye aliyeionja kwa niaba yako. Ndogo ilikuwa yetu, ya nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, na tangawizi, na ndimu ikikamuliwa moto ukishazimwa. Uliibuni wiki ile nilipoanza kuja kantini baada ya shule, ili nisikae nikitazama watu wakila. Ulikuwa ukisema, "Hii ndogo haipo pengine duniani. Usiitafute."

Nikakusimulia supu.

"Nyama gani?"

"Ya ng'ombe. Ya moshi."

"Na mwisho?"

"Ndimu."

Kisha ukasema: "Mpishi huyo ana akili sana. Msalimie." Baada ya hapo nikasikia kikohozi, kirefu, cha kukata pumzi, na Dada Furaha akachukua simu akasema umechoka, tuache kwa leo.

Niliporudi ulikuwa umebakiwa na siku nane. Sikujua ni nane, ningejua pengine ningekuwa jasiri. Pengine. Uliniomba nikusimulie tena ile ya Montreal, nikakusimulia, safari hii nikaongeza na mkate wa pembeni na kijiko kizito. Ulikuwa umenishika kidole kimoja. Mara kadhaa nilifungua mdomo niseme, na kila mara nikaona afadhali kesho. Ulilala na ile supu ya uongo masikioni mwako, na kesho haikuwepo.

Arobaini tuliifanya hapa Akalla, kwenye ukumbi wa chama. Walikuja watu wa Mombasa na wa Bujumbura, hata madereva wawili wa Kiswidi kutoka Jordbro, wamevaa suti. Dada Furaha alisimama akawaeleza jinsi nilivyokulisha kwa simu, kila siku, mji hadi mji. Mzee mmoja nisiyemjua alinishika mkono wote hadi kiwiko. "Umemlisha mgonjwa, mwanangu. Hiyo ni thawabu." Pilau ilikuwa mbele yangu. Sikuimeza.

Basi majira haya ya kuchipua nimechukua likizo yangu yote na nimekwenda tena. Sikumwambia mtu. Nilifuata miji ileile, kwa utaratibu uleule.

Toronto, fundi cherehani bado yupo. Nilisimama nje muda mrefu nikiwatazama wanaotoka, kisha nikaingia na wanaoingia. Zamu yangu ilipofika maneno yote niliyoyaandaa yakanipotea. Nikasema, samahani, ni mara yangu ya kwanza. Yule mwanamke wa kaunta, Mtrinidadi, hakucheka wala hakuna aliyegeuka. "Basi utakula mbuzi," akasema. Ni chapati laini, Shangazi, pana kuliko sahani, imekunjwa juu ya mchuzi wa mbuzi na viazi, na ndani ya mkunjo kuna unga wa dengu unaomwagika ukiuma. Pilipili yake haina haraka, inakuja baadaye. Nilipotoka ndipo nilipoona neno "halali" limeandikwa kwenye mlango, kwa herufi kubwa za kijani, mlango uleule niliowashikia watu watano. Siku ile nilikuwa natazama viatu.

Winnipeg nilikosea siku ya kwanza, nikala viazi vilivyopoa kwenye mchuzi uliopoa, na nikala vyote kwa woga wa kuulizwa. Siku ya pili nikapata samaki kweli, wa ziwani, amekaangwa. Dereva wa basi kwenye meza ya jirani aliniona nikimchokonoa kwa uma, akaniambia nianze na ngozi. Ngozi ililia kama mkwaju mkavu ukivunjwa. Kando kulikuwa na kipande cha limau. Tui halikuwepo, la kopo wala la kukamua.

Kisha Montreal. Mkahawa wa pembeni, viti vya plastiki, mvuke. Nilisoma orodha nikaiona supu yangu, nikamuuliza mhudumu ni ya nyama gani, nikiwa na uhakika wa jibu. Nguruwe, akasema. Nikamuuliza kama kuna ile ya ng'ombe, ya moshi, inayotiwa ndimu mwisho. Akanitazama kwa huruma, akaenda kumwita mpishi. Mzee akatoka jikoni anajifuta mikono. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati. Alisema ameipika supu hiyo tangu yuko kwa mama yake, na ni nguruwe, imekuwa nguruwe siku zote. Ng'ombe? Ndimu? Hakucheka, alikuwa anataka kujua kweli.

"Nani alikupikia hiyo?"

"Shangazi yangu," nikasema.

Nilipojisikia nikilitamka ndipo nilipoelewa. Kuku ulikuwa wako, na kitunguu kilikatwa kama unavyokata wewe. Samaki wa kupaka alikuwa wako. Kila nilipofumba macho kule hotelini nilikuwa nasimama jikoni kwako. Na ulikwisha niambia, kwa mdomo wako, kwamba ile sufuria ndogo haipo pengine. Mpishi aliyepika miaka kumi na tisa ataitwa aisikilize supu yake mwenyewe, na asiijue?

Mzee yule alinikaangia mayai, akaniletea na mkate. Nikayala yote. Nisingeweza kukwambia ladha yake, na hili ndilo pekee ambalo sitakutungia.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Jordbro. Dada Furaha ndiye anayepika sasa. Sufuria mbili bado zipo. Nilimngoja mpaka madereva wakaondoka, nikamwambia yote nimesimama, karibu na mashine ya kuoshea vyombo. Aliendelea kufuta meza.

"Bon, haya," akasema. "Weye ulifikiri hakujua? Siku ya supu alicheka mpaka muuguzi akakuja mbio. Mimi nilikamata simu kusudi usisikie." Kile hakikuwa kikohozi, Shangazi. Na akaniambia ulichosema ulipopata pumzi: "Mtoto wangu ananilisha chakula changu mwenyewe."

Nilimuuliza kama ulikasirika. Akafikiri, maana yeye hapendi kudanganya. Akasema hapana, hukukasirika, lakini baada ya kucheka uliomba ushushiwe kitanda mapema kuliko siku nyingine.

Hapo ndipo aibu yangu inapokaa, na sitaki mtu aniondolee kwa maneno mazuri. Unaweza kuwa umenisamehe. Nakujua, ulinisamehe hata simu haijakatwa. Lakini uliinuliwa kitanda kila jioni kwa siku ishirini na moja kusubiri ladha usiyoijua, na kila jioni nikakurudishia jiko lako. Ulikuwa na njaa ya dunia. Mimi nilikuwa na dunia mlangoni, nimeshika kitasa, na nikawapisha watu. Ukajifanya umeshiba ili nisione haya.

Ndiyo sababu nimekuandikia mbuzi yule, na ngozi ya samaki. Vimechelewa, lakini ni vya kweli, nimevila kwa mdomo huu. Soma taratibu sehemu ya pilipili.

Naahidi hivi. Mahali popote ofisi itakaponipeleka nitaingia, nitaketi, nitauliza ni nyama gani kwa sauti ya kusikika, nitakula, na nitakuandikia kilichokuwepo, hata kikiwa kibaya. Na Alhamisi nitakuwa Jordbro nikimsaidia Dada Furaha kwa ile sufuria ndogo. Amenikabidhi kazi ya ndimu. Anasema mkono wangu ni mwoga, nakamua kidogo mno. Nitajifunza.

Mashine imesimama, na mama wa ghorofa ya tatu amekwisha kuja na kapu lake kuulizia ile ya pili. Nimemwambia aitumie.

Lala salama, Shangazi. Picha yako ninayo hapa, nimeiegemeza kwenye boksi la sabuni. Nimeinua kichwa.

Shikamoo.

Mwanao,
Idrisa