Anayegonga Bila Kusema Hodi

Mpendwa mdogo wangu Rukia,

Nimekaa juu ya kapu la mashuka machafu, chumba cha kufulia, hapa hotelini Garhoud, Dubai, nakuandikia kwa kidole kimoja kwenye simu. Ungeniona ungenicheka. Ulikuwa ukisema naandika kama kuku anayedonoa mchele. Tangu juzi nakupigia na simu yako haipatikani, na kila ujumbe ninaokutumia unabaki na tiki moja. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia mbele ya watu. Barua hii nitaiweka kwenye ule ukurasa wanapokutana watu wetu walioko nje. Mji wako sitautaja, maana siku hizi sijui nani anasoma nini. Wanaokufahamu wataelewa.

Wacha nianze na kicheko, kwa sababu nikianza na yaliyo moyoni hutafika mwisho.

Unakumbuka siku ulipopitia Dubai ukienda Tanga kumuuguza mama? Ndege ikachelewa, abiria mkapelekwa kulala hotelini, na katika hoteli zote zilizojazana karibu na uwanja wa ndege wakakuleta kwangu. Uliingia kwa mlango wa mbele, mlango ambao mimi sijawahi kuupita tangu niajiriwe. Kijana wa mapokezi akakipokea kile kitabu chako chekundu, pasi ya Ujerumani, kwa mikono miwili. "Welcome, madam. This way, madam." Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo na kigari changu cha mataulo, nimeuma midomo nisicheke. Pua moja, tumbo moja, wewe ni madam na mimi ni "sister, yalla, rooms".

Kazini kwetu kuna sheria ya mlango. Unagonga, unataja idara yako kwa Kiingereza, unasubiri, unagonga tena. Nilipofika kwenye chumba chako Kiingereza chote kikanitoka. Nikasema, "Hodi!" Ukaitikia kutoka ndani, "Karibu!" kwa sauti ya mama kabisa, mpaka nikashikilia kigari. Tukakaa kitandani, mimi nisiyeruhusiwa kukalia kitanda cha mgeni, tukala korosho za kwenye kile kijokofu ambazo baadaye ulinifokea kwa nini sikukuambia kwamba zinalipiwa.

Siku hiyo ndipo uliponisimulia habari ya binti yako Zuhura na hodi. Ulisema huko kwenu watu wanabonyeza kengele tu, au wanagonga kimya kimya, mtu hajui nani yuko nje. Ukamfundisha mtoto kwamba anayesema hodi ni mtu wetu, huyo mfungulie mbio. Na kwa kuwa mji mzima hakukuwa na mwingine wa kuisema, ulikuwa unatoka wewe mwenyewe, unajifungia nje kwenye ngazi, unapiga hodi ili mwanao apate raha ya kukukaribisha. Nilikuonea huruma na nikakupenda zaidi.

Mama alikuwa hai uliponitumia ile video ya kuapishwa uraia. Ukumbi umepambwa maua, meya anakupa mkono, wewe na gauni lako la kitenge unaimba wimbo wao wa taifa bila kutazama karatasi. Wenzako wa nchi nyingine walibaki na pasi zao za kwao pia. Wewe ilibidi uiache ya kwetu, maana Tanzania haimruhusu mtu mzima kubeba mbili. Nilimwonyesha mama video hiyo nilipokwenda likizo, akaitazama mpaka mwisho, akauliza, "Sasa akija kuniona ataomba ruhusa kwa nani?" Nilipokufikishia ulicheka. Ukasema ni karatasi tu, moyo hauna viza. Halafu ukafika nyumbani kumuuguza, ukapanga foleni ya wageni, na yule ofisa akakuuliza umekuja kutalii wapi.

Sikugombana nawe wakati ule. Kusema kweli nilikuonea wivu. Mimi hapa naishi kwa viza. Kafeel, mdhamini wangu wa kazi, akisema khalas, basi, ni khalas, nakunja godoro langu Al Qusais na wenzangu wa chumbani wananisindikiza mpaka kituo cha metro. Hakuna mtu hapa aliyewahi kuniambia kwamba mimi ni mwenzao, na mimi sikuwahi kungoja waniambie. Wewe uliambiwa, tena ukumbini, kwa maua na kwa wimbo. Uliamini, na ulikuwa na haki ya kuamini.

Sijui hasa ilianza lini. Nadhani ni zile bendera. Ulinitumia picha wakati wa mashindano ya mpira, mtaa mzima umetundika bendera kwenye vibaraza, na wewe umetundika ya kwako, Zuhura amepakwa rangi mashavuni. Nikakutania kwamba umekuwa mzungu mpaka kwenye nyayo. Mpira ukaisha. Bendera hazikushuka. Zikaongezeka, zikafungwa hata kwenye nguzo za taa, na wewe ukaanza kuniuliza maswali ambayo hayakuwa ya utani. Ukiiteremsha ya kwako majirani watasema nini? Ukiiacha, watakucheka? Mtu unapigiwa simu toka Ulaya kuulizwa kuhusu kitambaa cha kibarazani!

Kisha yule bibi wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akikupokelea vifurushi na kumpa Zuhura biskuti. Ulimbebea mikoba mpaka mlangoni kwake kama kawaida, akakushukuru, akakushika mkono. Akakuambia kwa upole wote, "Rukia, wewe ni mwema. Mkishaondoka, nani atanisaidia kupanda ngazi?" Ulinisimulia huku unacheka, kwamba kizee kimeanza kuchanganyikiwa. Mimi sikucheka. Hakukuuliza kama mtaondoka. Kwake yeye jambo lilishaamuliwa, amebakiza kufikiria mikoba yake.

Baada ya hapo nikaanza kukusikiliza kwa sikio jingine. Ukawa unapokea simu kwa kunong'ona. "Dada, niko kwenye treni, nitakupigia." Siku moja ukanijibu kwa lugha yao, neno moja kavu, kana kwamba nimekupigia kutoka benki, na baadaye ukaniomba radhi kwamba kulikuwa na vijana wamekaa mbele yako. Jina la Kijerumani la baba yake Zuhura bado liko kwenye kengele ya mlango, ingawa mliachana zamani na anaishi mji mwingine. Nilikuuliza kwa nini hulitoi. Ukasema, "Liache likae, ni jina la kwao."

Na zile tiketi. Watoto darasani wamechora tiketi za ndege na kuwagawia wenzao, na ya Zuhura imeandikwa jina lake vizuri, na mahali pa kushukia pameandikwa Afrika. Mtoto aliyezaliwa pale, baba yake wa pale, ambaye kwetu amefika mara moja akalia kwa sababu ya mbu. Alikuletea jikoni akakuuliza hiyo ndege inashuka uwanja gani. Mwalimu alikuambia ni utoto, yataisha. Rukia, nilizima simu siku ile nikaenda kusimama kwenye baraza la ngazi za dharura mpaka msimamizi akanitafuta.

Usidhani nakuza mambo kwa sababu niko mbali. Akinyi, yule Mkenya ninayefanya naye kazi ghorofa moja, ana kaka yake Marekani. Juzijuzi tukitandika kitanda aliniambia, "Bro wangu siku hizi hatoki nje bila passport. Hata akienda kununua maziwa. Na ni citizen, imagine, ameapa na kila kitu." Nikamuuliza kaka yake anaogopa nini kama ni raia. Akavuta shuka upande wake, akasema, "Ati anasema wanaangalia uso kwanza, karatasi baadaye."

Nilikuambia mje. Nimekuambia mpaka ukachoka na mimi. Hicho kitabu wanachobishana huko kama ni chenu kweli, hapa bado kinapokelewa kwa mikono miwili. Mtagongewa muhuri uwanjani bila kuomba chochote, mtakaa wiki kadhaa, halafu twende wote Tanga, ukaombe viza ya kuingia nyumba ya mama yako kama mtalii, si neno, tutacheka. Njooni wakati bado kinafungua milango. Mimi siwezi kuja huko. Nimeomba, wamenikatalia, wameona siwezi kuthibitisha kwamba nitarudi. Ningewaambia hakuna mtu duniani anayejua kurudi kuliko mfanyakazi wa Dubai.

Jibu lako lilikuwa lile lile. "Nikimbie kwangu niende wapi, Dada?" Ukasema umeapa, na kiapo si cha upande mmoja. Ukasema si watu wote, wapo wanaokusimamia, wauguzi wenzako wanakusindikiza mpaka stesheni mkitoka zamu. Naamini wapo, na Mungu awabariki. Ila kabla ya hapo ulikuwa unakwenda stesheni peke yako, unakula aiskrimu njiani.

Mara ya mwisho tulipozungumza uliniambia kitu kwa haraka, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Umemwambia Zuhura asifungue mlango kabisa, hata kengele ilie vipi, mpaka asikie hodi. "Si mchezo tena," ukasema, kisha ukaniuliza kama bado naumwa mgongo.

Juzi asubuhi nilikuwa nabadilisha foronya, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa sauti kutoka kwako. Nikafurahi. Nikauweka sikioni, kumbe ni Zuhura, ananong'ona kile Kiswahili chake cha kupinda.

"Mama mkubwa, mama yuko bafuni. Kuna mtu anagonga. Hajasema hodi."

Nyuma yake nikasikia mlango. Si kugonga kwa nguvu. Kugonga kwa mtu asiye na haraka. Kisha ujumbe ukakatika. Nilikupigia palepale ndani ya chumba cha mgeni, jambo ambalo mtu anafukuzwa kazi kwa ajili yake. Ikaita, ikaita, ikakatwa. Nilipopiga tena haikupatikana, na mpaka naandika haijapatikana.

Nimejiambia kila kitu. Kwamba ni mtu wa kusoma mita. Kwamba ni tarishi. Kwamba simu imeanguka ndani ya maji, maana wewe na simu mmeandikiwa ugomvi, ile ya kwanza niliyokununulia uliiangusha chooni kabla hujaweka hata picha. Akinyi naye ameniambia, "Labda ni mtu wa parcel tu, dadangu," lakini aliyasema huku anahesabu mataulo ambayo tulishayahesabu. Nimempigia baba yake Zuhura, hapokei, na hajawahi kupokea simu yangu hata mlipokuwa mnapendana. Naogopa, Rukia. Nimejaribu kutafuta neno jingine la kiungwana zaidi, sikulipata. Naogopa mchana kutwa, nikitandika, nikila, nikiwa kwenye metro na watu wa kila taifa wananilalia begani kwa usingizi.

Kwa hiyo hapa nasimama kidogo niseme na wengine. Ewe unayesoma, kama uko mji ule, kama uliwahi kuonana kwenye arusi au msibani na mwuguzi mfupi wa Tanga mwenye mwanya, mama wa binti mwenye nywele za rangi ya asali, nakuomba uende kwake. Panda ngazi. Usishangae jina lililoko kwenye kengele, ni la Kijerumani, nyumba ni ile ile. Na tafadhali, usibonyeze na usigonge kimya. Kuna mtoto nyuma ya mlango ule ambaye amefundishwa. Sema hodi, useme kwa sauti, ataijua.

Sasa narudi kwako. Mama alitufundisha kwamba mtu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huondoka zake na wala hachukii, maana wenye nyumba wana sababu zao. Aliwahi kunichapa kofi utotoni kwa kupiga ya nne kwa mjomba. Basi nihesabie makosa. Tangu juzi kila ninapopata upenyo nakutumia ujumbe wa sauti wa neno hilo moja, nimeshaipita ya tatu mbali sana, na siondoki.

Msimamizi ananiita. Muda wa chakula umekwisha, kuna ghorofa mbili zinanisubiri. Nakwenda kugonga milango ya watu nisiowajua, na wote watanifungulia.

Hodi, Rukia.

Hodi, Zuhura.

Bado niko mlangoni,

Dada yako