Siku Uliyorudi Kulala Ndani

Baba,

Mahindi ya upande wa juu tumevuna. Mama alisimamia kazi mwenyewe, amevaa gambuti zako zinazomzidi miguu, na hakutaka mtu amwambie apumzike.

Nakuandikia nikiwa hapa Kitale ninakofundisha, shule zimefungwa. Kuna mengi, lakini acha nianze na simu yako. Tangu tukuzike, kila asubuhi ile programu ya kuongea nawe iliyomo ndani yake ilikuwa inasalimia tu: "Habari ya asubuhi, Mzee. Umelalaje?" Sauti ile ya kike uliyosema imesomea Mombasa. Mama alikuwa akiiweka chaji makusudi. Siku moja nilipokuwa nyumbani Endebess, akaijibu.

"Mzee hayuko. Tulimzika."

Ikampa pole. Ikamuuliza kama angependa kuongea. Mama akaifunika kwa sufuria.

"Inajuaje pole, hii? Imewahi kuzika nani?"

Nilicheka, Baba. Nikashindwa kunyamaza, halafu kicheko kikawa kilio.

Unakumbuka ulivyoikataa? Niliileta kutoka kwa ile semina ya familia za wanajeshi kanisani. Wewe na Barasa, rafiki yako wa tangu kambini, mlikuwa mnakunywa chai uani. Nikawaeleza kwamba ni akili bandia, unaiambia kinachokusumbua nayo inakujibu. Barasa akaweka kikombe chini.

"Sajenti, usiguse. Hiyo ni ya wakubwa. Unaongea hapa, inasikika kule. Kesho pensheni imekwama, ati umerukwa na akili."

Nawe ukasema, "Mwanajeshi hawezi lilia simu, bana."

 Kwetu tulikuwa hodari wa kunyamaza. Tangu urudi kutoka Somalia ulikuwa unalala peke yako ghalani, kwa sababu ulipiga kelele usingizini na uliogopa utampiga Mama bila kujua. Majirani wakiuliza, tulisema Baba analinda mahindi. Tulisema hivyo hata ghala likiwa tupu.

Sijui ni nini kilikubadilisha. Najua tu nilikukuta zizini ukikamua, simu iko mfukoni mwa shati, mnagombana. Ulikuwa umeiambia "mimi sirari", yaani silali, kwa ulimi wetu sisi wa Bungoma, nayo ikadhani unataja ule mji wa Sirari, mpakani na Tanzania, ikakutakia safari njema.

"Nimesema sipati usingizi, wewe mama!" ulifoka, mpaka ng'ombe akarusha teke.

Nikakuuliza mbona unaiongelesha kama inakuudhi hivyo. Ukasema, "Haina mdomo wa kupeleka sokoni, Mayi. Tena haina uso. Nikiiambia, hakuna mtu ananiangalia."

Mayi. Hakuna anayeniita mama kwa Kibukusu chetu tena. Ni wewe tu uliyekuwa ukimwona mama yako ndani yangu.

Siku hiyo nilishikwa na wivu, Baba. Niliionea simu wivu. Ilikuwa inapewa maneno ambayo mimi na Mama tuliyangoja miaka yote.

Halafu ile Jumamosi. Nilikuwa jikoni nachambua maharagwe. Ukaingia, ukavuta kigoda, ukakaa karibu na mlango kama mgeni.

"Hii kitu imeniuliza kama niko na mtu wa karibu. Nikaiambia niko na binti. Ikauliza, huyo binti anajua?" Ukatazama mikono yako. "Nikaona haya kuidanganya."

Ndipo ukanieleza habari za Wafula, kijana wa Lwakhakha mliyelala naye hema moja. Alipigwa risasi ya tumbo. Ukampakata ndani ya gari, akawa anaomba maji, nawe ulikuwa umefundishwa kwamba mtu wa jeraha la tumbo hanyweshwi.

"Aliniomba maji, Mayi. Chupa ilikuwa kwa mkono yangu."

Ukasema hujawahi kwenda kwa mama yake. Kwamba mara nyingine ulifika hadi Chwele, njiani kwenda kwao, ukageuza.

Nilikushika mkono. Hukuutoa. Mama alikuwa amesimama nje ya dirisha, kumbe amesikia yote. Aliingia, akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu, akasema, "Leo utalala ndani."

Na ulilala ndani.

Tulidhani tumekupata. Mahindi yalikuwa hayajafika magotini. Yalipoanza kutoa mbelewele moyo wako ukasimama, na daktari akasema ni presha, mambo ya siku nyingi. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani. Ile simu? Lakini ndiyo iliyokuleta jikoni. Aah, Baba. Msimu mmoja. Hata mmoja haukuisha.

Sasa sikiliza. Tulienda Lwakhakha, mimi na Barasa. Mama yake Wafula yuko hai, anauza vitunguu karibu na daraja. Barasa hakuweza kufungua mdomo, kwa hiyo nilimweleza mimi. Nilimweleza na ya maji, sikuficha. Alikaa, kitambaa mdomoni. Halafu akasema, "Sisi tuliambiwa alikufa papo hapo. Kumbe aliongea?"

Nikamwambia aliongea.

"Kwa lugha gani?"

Ulikuwa umeniambia, Baba. Alisema *kamechi*, maji kwa lugha ya nyumbani. Nikamwambia hivyo.

"Basi alikuwa na mtu wa kwao," akasema, akaanza kulia polepole, akinishika bega kana kwamba ni mimi wa kutulizwa.

Tukirudi Barasa aliuliza kama ile kitu ya simu inaelewa Kibukusu. Nikamwambia bado. Akanigeukia.

"Basi hiyo sitaki. Lakini wewe si unaelewa?"

Akaanza kuongea. Sikumkatiza. Tulipofika Bungoma mjini alikuwa bado anaongea, na sasa huja kwetu kila Jumapili baada ya ibada, Mama anamwekea chakula.

Kwaheri, Baba. Mama yake Wafula ameomba aone ulipolala. Nitamfuata mwenyewe Desemba, barabara ikikauka. Nitamshika mkono mpaka kaburini, na nitamwacha akae na wewe hadi atakaposema yeye kwamba imetosha.

Binti yako,
Nasimiyu