Komeo la Jikoni

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na Baba mnaendeleaje, na cherehani yake bado inanguruma?

Mama, yamenikuta. Juzi nimetoka kazini nikamkuta mume wangu jikoni, kajifunga aproni yangu, anakaanga vitunguu. Eti nikae nipumzike. Nilimwambia kwetu mwanamume hashiki mwiko, nikamtoa, nikafunga komeo kama ulivyonifundisha. Tangu hapo hatusemeshani. Nifanyeje?

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Baba yako anashona sare za shule, hata kichwa hainui.

Barua yako imenitoa jasho. Mimi ndiye ninayeitwa kufunda mabibi harusi mtaa mzima, halafu wa kwangu mumewe anakaanga vitunguu? Watu wakisikia nitaficha wapi uso? Umefanya vyema, usilegeze kamba. Mwanamke aliyefundwa hula wa mwisho, na mlango wa jikoni anaufunga, maana mapishi hayataki macho. Atanuna, kisha njaa itamrudisha.

Mama yako

24 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za huko siulizi, nimeziona mwenyewe.

Mume wangu kahamia kwa dada yake. Anasema hawezi kuishi na mtu anayemfukuza kama mwizi. Nikapanda basi kuja kukulilia, bila kukuarifu. Nikapitia uani. Komeo lilikuwa halijaingia vizuri, nikasukuma kidogo. Baba kakunja mikono ya shati, anakoroga mchuzi. Wewe umekaa, miguu kwenye beseni la maji ya moto, unamwambia apunguze moto. Mnacheka. Sijawahi kukusikia ukicheka vile.

Sikuingia, nilirudi stendi. Kumbe ndiyo maana ulinifundisha kupika kwa mdomo tu, umesimama kando, hushiki hata kijiko. Ndiyo maana cherehani ilinyamaza kila jioni. Mama, nimemfukuza mume wangu kwa jambo ambalo wewe unalo ndani. Kwa nini?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Baba yako naye akasoma, chakula kikaungua, na yeye haunguzi.

Sijui kupika. Nilipoolewa kila nilichogusa kiliungua, na mama mkwe alikuwa chumba cha pili. Baba yako akafunga komeo, akashika mwiko, akaniambia nigongegonge sufuria ili mama yake asikie. Nilikufunda yale ambayo watu wanayatazama, asije mtu akakudharau. Haya ya ndani nilidhani utayaona mwenyewe ukishakuwa na kwako.

Nenda kwa wifi yako leo. Usijieleze sana. Mwambie mumeo arudi, apike anavyotaka. Ila mlango ufunge.

Mama yako

17 Aprili

Mama na Baba,

Shikamooni. Mimi mzima kiasi.

Nilikwenda. Wifi alinifungulia, hakunikaribisha ndani. Mume wangu hakurudi siku ile. Jana ndiyo karudi, kaweka begi sebuleni, hajalifungua bado. Sijui kama atalifungua.

Sasa hivi naandika nikiwa jikoni, yeye anamenya viazi. Maneno ni machache. Jirani kapita, katuona, kasimama akatutumbulia macho, kisha akasalimia. Tumemwitikia wote wawili.

Komeo nimeling'oa kwa bisibisi. Limo humu ndani ya bahasha, kama lenu limeanza kulegea.

Binti yenu