Nilitia Sahihi Bila Kusoma, Sasa Shule Yetu Iko Hatarini

Mpendwa Bi Arlene, naomba unisaidie kabla ya kura ya bungeni Jumanne maana mwenzio silali wala sili. Mimi ni mfugaji na mbunge wa jimbo hapa Kansas magharibi, mhafidhina toka tumboni mwa mama, na mwaka juzi kwenye karamu ya nyama choma ya Bwana Stroud, tajiri wa mafuta kutoka mjini, nilipewa karatasi ya ahadi nikaitia sahihi juu ya boneti ya gari lake bila kuisoma kwa kuwa kila mgombea alikuwa anatia, naye kweli akanilipia matangazo nikashinda, kumbe niliahidi kuunga mkono fedha za shule za umma zipelekwe shule za binafsi, na kwetu ya binafsi haipo, ipo hii hii ya umma anayopika mama yangu, ikifungwa na mji wetu umekwisha. Nikipinga, atanisimamishia mtu kwenye kura ya mchujo ya chama Agosti. Juzi alinipigia akasema, "Nakutegemea, Dwight," na Dwight ni mbunge mwingine kabisa, nami nikajibu, "Bila shaka, mzee." Mama naye kasema, "Lyle, ukipiga kura ya ndiyo, chakula changu usikiguse tena." Nafikiria Jumanne nijifanye mgonjwa. Je, ni vibaya?

Lyle

Lyle, ni vibaya, tena sana. Barua kama yako hii ni ya nne tangu Krismasi, na nimechoka nanyi! Suruali mnaijaribu kabla ya kununua, ahadi mnaitia sahihi huku mnatafuna mbavu. Nakuhurumia, maana huyo bwana ana mkono mrefu na kushindwa kunauma. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe umeinama mpaka umesahau kunyanyuka. Mhafidhina gani anayeacha shule ya babu zake ifungwe?

Sikiliza. Ijumaa bila shaka kuna mpira wa kikapu hapo shuleni, na mama yako atakuwa anapakua mchuzi wa chili na mikate ya mdalasini. Nenda. Kabla ya mchezo omba kipaza sauti, uwasomee watu karatasi hiyo yote pamoja na jina lako chini. Watakuzomea, vumilia. Waambie Jumanne utapinga, na Agosti utawahitaji. Huenda ukashindwa, utarudi kwa ng'ombe wako.

Kisha mpigie Stroud wewe mwenyewe, asisikie kwa watu. Akifoka kuhusu ahadi, mwambie akaidai kwa Dwight.