Filta ya Pikipiki ya Obuya

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamua. Pikipiki ya Obuya inaenda. Miezi minne tangu tumzike kaka yangu, na hilo dude bado limesimama kwenye korido ya ploti hapa Riruta, limefungwa mnyororo, linanitazama kila nikitoka kwenda kazini. Nimechoka kutazamwa! Kivuva, mteja wetu wa Kileleshwa ambaye Jumapili hukimbiza pikipiki kwenye matope huko Ngong, ataichukua Jumamosi.

Nimemwahidi nitaisafisha filta ya hewa mwenyewe. Miaka saba nauza vipuri Ngara, siwezi kumpa mtu pikipiki yenye pua iliyoziba. Nimetoa kiti, nikatoa sponji. Chafu kupindukia. Mafuta ya taa kwanza, halafu maji vuguvugu na sabuni. Unakamua kwa kiganja, husokoti kama shuka, itachanika. Obuya ndiye alinifunza. Imerudi kijani chake. Nimeianika kivulini.

Jumatano, 6 Agosti

Manyunyu tangu Jumatatu. Sponji imekauka leo tu. Nimeipaka mafuta yake, nikaikamua hadi rangi ikalingana, grisi kidogo ukingoni, nikairudisha mahali pake. Mnyororo. Kufuli. Basi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefungua tena, kuhakikisha tu. Imejaa vumbi!

Injini baridi. Kufuli halijaguswa. Buibui ametanda utando wake toka gurudumu la nyuma hadi ukutani, na haujakatika. Nimelisugua lile vumbi kati ya vidole. Vumbi la Riruta ni jekundu. Hili ni la kijivu, laini kama unga wa muhogo. Nalijua. Nimekua nikilifagia. Ni la kwetu Rarieda.

Kamene, tunayeuza naye dukani, amenicheka. "Wewe Lornah, si uliosha filta ukasahau kupanguza box yake? Hiyo ni mistake ya wale mafundi wa kando ya barabara." Imeniuma, maana ni kweli sikupanguza.

Jumamosi, 9 Agosti

Sponji mpya kutoka dukani. Sanduku lake nimelipanguza mpaka kitambaa kikatoka safi. Kivuva akaja, akaiwasha, ikaitika mara moja. "Iko poa, madam." Akaenda nayo.

Nilidhani nitafurahi. Nimelia nikisuuza ndoo.

Jumanne, 12 Agosti

Kivuva ameingia dukani bila salamu, hata niaje. Ameweka kitu juu ya kaunta, kimefungwa kwa gazeti. Filta. Ile ile mpya. Kijivu tupu.

"Madam, hii bike hupumua nini? Tangu Jumamosi iko basement ya fleti yetu, sijaitoa hata mita moja. Leo asubuhi imekataa kuwaka. Halafu ona hii."

Unywele. Mfupi, mwekundu, mgumu, umeshikwa na mafuta ya sponji. Kamene amekulia kwenye mifugo huko Makueni. Ameuinua kwenye mwanga, na safari hii hakucheka. "Hii ni ya ng'ombe," akasema.

Kivuva anairudisha pikipiki leo jioni. Hataki maneno mengi. Ati kitu kama hiki kikae na wenyewe.

Sasa niandike nilichokwepa kuandika. Kwetu mwanamume akifa, watu hutoka na ng'ombe hadi mpakani, wakipiga kelele, wakitimua vumbi, wakifukuza kifo kitoke kwa boma. Tero buru, kwa lugha yetu, kupeleka vumbi. Siku hizi na pikipiki huenda. Wenzake Obuya wa pikipiki walikuja hapa Riruta kuomba yake imfuate nyumbani. Nikawaambia sisi tumeokoka, hatufukuzi upepo. Nikafunga mnyororo huu kwa mkono wangu. Na kule nyumbani nikasimama mlangoni pa zizi, mchungaji kando yangu, ng'ombe wasitoke. Wazee waliniangalia tu, wakaondoka. Nilijiona nimeshinda!

Kaka yangu hakusindikizwa. Mimi ndiye nilimzuia. Naona haya hata kuandika.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia Mama. Habari za filta sikumwambia. Nimesema tu nataka kuileta pikipiki ya Obuya nyumbani. Akasema: "Ilete, nyathina, mwanangu. Uiendeshe wewe mwenyewe, usimpe mtu. Ng'ombe watakuwa tayari."

Sikuwa nimetaja ng'ombe.

Nimeweka sponji nyingine mpya. Ya tatu. Nimeomba ruhusa kazini. Kamene amenipa glavu zake.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa nne asubuhi, kituo cha mafuta, nimepita Rironi kidogo tu. Nyumbani bado ni safari ya kutwa nzima. Jua limetoka leo. Nimetoka Riruta saa mbili, na muda mwingi nimekuwa nyuma ya malori ya kokoto pale wanapotengeneza barabara. Vumbi kwenye kope, vumbi kwenye meno. Nikasema nisimame niangalie filta kabla injini haijakabwa.

Haina hata chembe. Kijani kitupu, kama nilivyoitoa kwenye karatasi yake. Nimeigeuza mara tatu. Sasa iko mapajani.

Mama amepiga. Nyuma yake ng'ombe wanalia, watu wanapiga vigelegele. Anacheka na kulia kwa pamoja, sijamsikia hivyo tangu Aprili. Anauliza nimefikaje mapema hivi. Mbona nazunguka boma na hilo vumbi lote, siingii? Wazee wanangoja. Nisimame, nivue helmeti, wanione uso.

Injini naisikia kwenye simu. Naijua ile sauti, naijua hata usingizini. Na hii hapa mbele yangu nimeizima, ufunguo nimeushika.

Hajakata simu. Sasa anawaambia watu wasogee, pikipiki inakuja mlangoni —