Saini ya Salim

Jumapili, 14 Julai 2013

Nyuzijoto arobaini na sita leo hapa Doha, na ndani ya ovaroli ya plastiki ni zaidi. Kutwa tumechanganya tope la Tangi la Pili — uchafu mzito wa visima vya gesi, una mionzi. Mikisa, zile mashine za kukoroga, ikizunguka, linakuwa uji na kuvutwa kwa bomba hadi Tangi la Tatu. Ikisimama, linashika kama ugali. Nimechoka hata kula.

Jumatatu, 15 Julai

Saa tano na nusu kazi za juani zinasimama hadi saa tisa, sheria ya kiangazi. Kabla ya kuzima, bomba lisuuzwe kwa maji dakika ishirini, kisha daftari lisainiwe. Zamu ilikuwa ya Salim. Mzanzibari, amefunga, midomo imemkauka. Nikamwambia akajilaze, nitasuuza mimi. "Mungu akulipe kheri, Herbert ndugu yangu."

Nilisuuza dakika tatu. Labda mbili! Kichwa kilikuwa kinagonga. Nikasaini jina lake, tunavyosainiana tangu mfungo uanze, nikakimbilia kwenye ubaridi wa eisii.

Jumanne, 16 Julai

Bomba limeziba. Pampu inanguruma tu, tope haliendi. Arnold, msimamizi wetu Mganda, akafungua daftari, akamwita Salim. Mimi nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Akamuuliza kama jana alisuuza. Salim akaniangalia kidogo. Akasema ndiyo, saini ni yake.

Na mimi kimya! Jana nilikuwa na maneno matamu kama padri. Najionea aibu.

Arnold anasema mwenye saini ndiye atakayelifungua, kwa spana, saa tisa ikifika. Bomba lina presha. Kiungo kikilegea, tope linaweza kumrukia kifuani. Halafu ofisi iamue kama atabaki Doha au atapandishwa ndege.

Jumanne hiyohiyo, saa tisa kasorobo

Chumba cha mapumziko. Salim anavaa barakoa, mkanda wa nyuma umemshinda. Ameniomba nimfungie. Nimemfungia. La jana hakuligusa, ameuliza tu spana namba ngapi. Thelathini, nikamjibu. Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa, kama mtu asiye na neno.

Arnold yuko mlangoni na daftari lake, hatua nne kutoka hapa. Sentensi moja inatosha: ni mimi, si yeye. Nimeipanga kichwani mara tatu.

Salim ametoka na spana. Nami bado naandika.