Mpangaji wa Chumba cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia ukumbi, nimejaza pipa la maji. Mpangaji wangu Mwalimu Petro ameacha tena sufuria yenye ukoko kwenye karo. Mtu mzima, anafundisha watoto wa wenzake usafi. Asha amekwenda kazini bila kunywa chai. Zamani alikuwa anamaliza birika peke yake.

Tangu Babati iwe makao ya mkoa mpya, kila mwenye chumba cha ziada amekuwa mfalme. Makarani wapya wanapiga hodi mpaka Jumapili. Mimi chumba cha mbele nimempa huyu Asha, binti wa Tabora, msafi, ananiita mama bila kulazimishwa. Sitaki mwingine.

Alhamisi, 6 Machi
Asha ana mimba. Alikuwa anaanika kanga uani, upepo ukalibana gauni tumboni. Miezi mingi, si michache. Na mimi nakaa naye nyumba moja, sikuona kitu.

Hana mume. Nimeshindwa kula.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka kanisani, nimemwuliza. Hakukana. Mwanaume amehamishiwa Dodoma, hajibu barua. Anasema atajifungua hapa hapa Babati, kisha atalea chumbani kwake kimya kimya. "Sitakusumbua, mama."

Kwao Tabora hawajui mambo yetu. Kwetu sisi Wairaqw, binti asiyeolewa hazai nyumbani mwa watu. Akizaa, nyumba inaingia mwiko. Ndugu hawaingii, hawali, hawaombi hata moto. Anayeingia humo anaubeba mwiko mpaka kwake. Wengi siku hizi wanasema hayo yamepitwa. Mimi nimebatizwa, naimba kwaya, na bado mwili ulinisisimka. Nimejichukia.

Jumatano, 12 Machi
Shemeji yangu, Baba Tluway, amefika kutoka Dareda kwa ajili ya posa ya mwanangu Safari. Upande wa binti watakuja kutazama nyumba mwanzoni mwa Aprili, na watapokelewa hapa, kwenye nyumba ya marehemu kaka yake. Asha akapita na ndoo. Shemeji akamfuata kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

"Shemeji, huyu akizaa humu, wazee hawakanyagi. Safari ataolea wapi?"

Nikasema ni mpangaji tu, si binti yangu.

"Anapika kwenye moto wako."

Kweli. Hapo ndipo nilipokosea. Mwalimu Petro ana stovu yake chumbani, mambo yake na yangu mbalimbali. Asha nilimwambia tupike pamoja, mkaa wa nini kuwasha mara mbili. Nilitaka mtu wa kuongea naye jikoni. Moto ukishakuwa mmoja, kwa wazee huyo ni mtoto wa nyumbani.

Safari ndiye mtoto niliyebaki naye. Anampenda huyo mchumba wake mpaka amekonda.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemwambia ahame. Nikasema nina wageni, nahitaji chumba. Uongo mtupu, na mimi sijui kudanganya. Akaweka mkono tumboni. "Ni kwa sababu ya huyu?"

Nikakaza kanga, nikailegeza, nikaikaza tena. Akasema, "Sawa, mama." Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 21 Machi
Ameondoka. Mjini vyumba vimejaa. Amepata nje ya mji, Sigino, nyumba isiyopigwa lipu, dirishani gunia. Mvua zimeanza. Mwalimu Petro amembebea godoro mpaka kwenye pikapu. Amerudi, amepita mbele yangu bila salamu.

Chini ya kitanda nimekuta beseni dogo la plastiki, jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Nikashangaa beseni dogo vile la kufulia nini. Kisha nikaelewa. Nimelisukuma nyuma ya kabati.

Jumamosi, 5 Aprili
Wageni wamekuja, wamekula, wamekubali. Hakuna aliyeuliza habari za chumba cha mbele. Baba Tluway alicheka mpaka akakohoa. Baada ya mavuno watarudi kumaliza mambo. Safari ananikumbatia kila anaponipita. Mimi taya zinauma kwa kutabasamu.

Jumanne, 22 Aprili
Mwalimu Petro ameniambia huku akitazama pembeni. Asha amejifungua, mtoto wa kike, wazima wote. Nimechukua beseni, nimetia unga na sukari, nimekwenda Sigino. Matope mpaka magotini.

Akafungua mlango, mtoto kifuani. "Shikamoo, mama. Karibu ndani, unalowa." Bila kinyongo. Nyuma yake moto ulikuwa unawaka, na kigoda kando yake.

Miguu ikakataa. Nikamfikiria Safari, nikawafikiria wazee wanaorudi baada ya mavuno. Nikasema nina haraka. Haraka gani, mjane mimi, mchana wa mvua? Asha akakitazama kizingiti, akaitazama miguu yangu. Lazima majirani wa Sigino wameshamweleza mwiko wetu.

Akanyoosha mkono, akapokea beseni mlangoni. "Asante. Nilikuwa namwogesha kwenye sufuria."

Sikumwona mtoto uso. Alikuwa amefunikwa, na mimi sikuthubutu kuomba.

Jumatano, 23 Aprili
Mvua bado. Karani mwingine amepiga hodi, mwanaume, mpole. Amekuja na stovu yake. Nimempa ufunguo wa chumba cha mbele.

Nimepika chai, birika zima, kwa mazoea. Nimekunywa kikombe kimoja. Iliyobaki ipo hapo mekoni, imepoa.